Mawe Husema, Lakini Hayasemi Yote

Juma lililopita tulizungumza habari za akiba ya nyumbani. Baba mmoja wa jamaa akatuletea swali kwa barua. Aliandika: «Mwalimu, mwatufundisha kutunza fedha. Lakini mtu aliyeweka akiba miaka mitatu, kisha akaitumia yote kwa kutembeza watoto katika miji ya Ulaya, je, hakuimwaga mchangani?» Swali hili ni la haki. Fedha ya jamaa si fedha ya baba peke yake. Ni chakula cha watoto, ni mafundisho yao, ni dawa ya siku wasiyoijua.

Hatutaki kulijibu kwa maneno matupu. Sisi wenyewe, pamoja na mama wa watoto na watoto wetu wawili, msichana wa miaka 12 na mvulana wa miaka 9, tulikwenda Brussels kumwamkia mjomba wao, na kutoka huko tukakaa siku saba Uingereza. Basi tutasimulia tuliyoyaona, na kila msomaji atapima mwenyewe kama fedha ile ilimwagwa au ilipandwa.

Kwanza habari za njia. Mtu asidhani kwamba viza ya Ubelgiji yatosha kuingia Uingereza. Ni barua mbili mbalimbali, na kila moja ina malipo yake na siku zake za kungoja. Atakayezipata zote mbili atapanda treni Brussels, na baada ya saa mbili hivi atashuka London. Njiani treni huingia katika shimo refu la kilometa 50, lililochimbwa chini ya bahari na kufunguliwa mwaka wa 1994. Mvulana wetu alingoja kuona samaki dirishani. Akaona giza tu, akahuzunika. Tulimweleza kwamba maji yako juu ya mwamba, na sisi tuko ndani ya mwamba. Akanyamaza kidogo, akauliza: «Na waliochimba waliona nini?» Swali jema. Tulilikumbuka siku zote zilizofuata.

Kabla ya kufunga mizigo mama wa watoto alikuwa ameweka sheria tatu, nasi twazitoa hapa kwa faida ya wazazi wengine. Sheria ya kwanza: kila siku jambo moja kubwa tu, na alasiri miguu ipumzike. Sheria ya pili: kila mtoto achukue daftari, na kila jioni aandike jina moja la mtu ambaye hakumjua asubuhi. Sheria ya tatu: kila mtoto awe na nusu siku ya kuchagua yeye mwenyewe, na wazazi wafuate bila kunung'unika. Mtoto anayekokotwa toka nyumba hata nyumba, kutwa nzima, akili yake hulala mapema kuliko miguu yake.

London ni mji wa watu wapata milioni tisa. Warumi ndio walioujenga kwanza, kando ya mto Thames, muda mfupi baada ya kuingia nchi ile mwaka wa 43. Leo watu husafiri chini ya ardhi kwa treni. Njia ya kwanza ya namna hiyo duniani ilifunguliwa hapo mwaka wa 1863, nayo ilitumia moshi na makaa. Sasa vituo ni 272. Watoto wasiofikia miaka 11 hawalipi wakifuatana na mzazi. Nyumba kubwa za vitu vya kale, kama British Museum iliyoanzishwa mwaka wa 1753, na ile ya wanyama na mifupa ya kale, kuingia ni bure. Lakini ngome ya wafalme na makanisa makubwa mawili hulipiwa, wala si bei ndogo. Ndiyo sababu tulichagua kwa uangalifu. Na mchana tulikula mkate tulioununua asubuhi, tukaketi katika bustani ya miti pamoja na Waingereza waliokuwa wakila yao.

Siku ya kwanza tulikwenda katika ngome iitwayo Tower of London. Mnara wake mweupe ulianza kujengwa zamani za Mfalme William, yule aliyeshinda Uingereza mwaka wa 1066. Mvulana alipenda kunguru wakubwa wanaotunzwa mle. Maana Waingereza wana masimulizi kwamba kunguru wakiondoka, ufalme utaanguka, kwa hiyo hawakosi kuweka sita angalau. Msichana alipenda zaidi habari za Thomas More. Huyu alikuwa waziri mkubwa wa Mfalme Henry VIII, na baba wa watoto. Mfalme alipotaka watu waape kwamba yeye ndiye mkuu wa Kanisa katika Uingereza, Thomas alikataa kuapa. Alifungwa katika ngome hiyo. Binti yake Margaret alimtembelea humo. Tarehe 6 Julai 1535 alikatwa kichwa, na miaka 400 baadaye, mwaka wa 1935, Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu. Jioni ile msichana aliandika katika daftari lake jina la Margaret, wala si la baba. Tulimwuliza kwa nini. Alijibu: «Baba aliamua mwenyewe. Binti hakuamua, akaumia vilevile.»

Siku ya pili tulipanda mnara mwingine, uitwao Monument. Una urefu wa karibu meta 62 na ngazi 311, nao ni ukumbusho wa moto mkubwa wa mwaka wa 1666. Moto huo ulianza usiku katika nyumba ya mwoka mikate; upepo ukauchukua, na kwa siku nne uliteketeza nyumba 13200 na makanisa 87. Kanisa kuu la Mtakatifu Paulo nalo liliungua. Lile linaloonekana leo, lenye kuba kubwa, lilijengwa na Christopher Wren kuanzia mwaka wa 1675 hata 1710.

Lakini sikilizeni jambo lenyewe, wasomaji. Watu waliopoteza nyumba zao hawakutaka kusadiki kwamba msiba mkubwa namna ile waweza kutoka katika jiko la mwoka mikate. Walitafuta adui. Walimkamata Mfaransa mmoja, Robert Hubert, fundi wa saa, ambaye akili zake hazikuwa timamu; akakiri kwamba ndiye aliyewasha moto, wakamnyonga. Baadaye ilijulikana kwamba siku moto ulipoanza hakuwa amefika London. Hata hivyo, mwaka wa 1681, watu wa mji walichonga katika mnara maneno ya kuwasingizia Wakatoliki kwamba ndio walioteketeza mji. Uwongo huo ulifutwa, ukachongwa tena, ukadumu juu ya jiwe mpaka mwaka wa 1830, ndipo ulipoondolewa kabisa.

Fikirini, wanafunzi. Miaka karibu 150 mtoto wa London alijifunza kusoma kwa kuangalia jiwe lile, akaona jiwe limeandikwa, akasema: kama ni uwongo, lingechongwaje? Nasi twajua habari za namna hii. Mto ukifurika, ugonjwa ukiingia, soko likiungua, je, hatusikii mara moja jina la kabila fulani au la mgeni fulani? Jiwe halina dhamiri. Lasema lile lililowekwa na mkono wa mtu.

Siku ya tatu tuliingia Westminster Abbey. Hapo wafalme wa Uingereza huvikwa taji tangu mwaka wa 1066. Wamezikwa humo wafalme, watunga mashairi na wataalamu, hata mtu hajui akanyage wapi. Karibu na mlango mkubwa yupo askari mmoja asiyejulikana jina, aliyeletwa kutoka vita vya Ufaransa na kuzikwa mwaka wa 1920 kwa ajili ya wenzake wote waliopotea. Kaburi lake peke yake halikanyagwi na mtu, hata na mfalme. Ukiendelea mbele kidogo, katikati ya kanisa, utaona jiwe jeusi la David Livingstone.

Hapo tulisimama muda mrefu, maana habari hiyo ni yetu pia. Mwaka wa 1871 Livingstone alikaa Nyangwe, katika Maniema yetu, kando ya Lualaba. Tarehe 15 Julai mwaka huo aliwaona wafanya biashara ya watumwa wakiwapiga risasi watu sokoni, wengi wao wanawake. Mamia walikufa kwa risasi na kwa kuzama mtoni. Barua zake zilipofika Uingereza ziliwachoma watu moyo, na mwaka wa 1873 Sultani wa Zanzibar alilazimishwa kufunga soko la watumwa. Mwaka huohuo, mwezi wa Mei, Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo Zambia leo.

Waliokuwa naye, Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright na wenzao, wanaume na wanawake, wangaliweza kumzika hapo na kurudi kwao. Hawakufanya hivyo. Walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauchukua mabegani zaidi ya kilometa 1500, kupita katika njaa, maradhi na vijiji vilivyoogopa maiti. Wengine walikufa njiani. Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo, na mwili ukawekwa katika misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu. Katika wote hao, mmoja tu, Jacob Wainwright, alifika London kwa maziko na kuwa miongoni mwa walioshika jeneza. Susi na Chuma waliletwa Uingereza baadaye, maziko yakiwa yamekwisha.

Jiwe lamtaja Livingstone na siku zake. Lakitaja hata kijiji cha Chitambo. Kwa wale wachukuzi lasema tu kwamba mikono yenye uaminifu ilimleta. Msichana wetu alisoma mara mbili, akasema kwa sauti ndogo: «Baba, mikono ina majina.»

Hatukumjibu upesi. Tungeweza kumwambia kwamba ndiyo desturi ya zamani zile, nayo ni kweli. Kwamba neno «uaminifu» ni sifa kubwa, nayo pia ni kweli. Lakini mtoto alikuwa amesema jambo lililo kubwa kuliko majibu yetu. Mama wa watoto akamwambia: «Jiwe hawakukupa wewe. Daftari unalo.» Basi mtoto akaketi katika kiti cha kanisa, akaandika: Susi, Chuma, Wainwright. Akauliza kama kulikuwa na mwanamke. Tukamtajia Halima, mpishi wa Livingstone. Akamwandika wa kwanza.

Baada ya mapumziko ya siku moja tulipanda treni kwenda Canterbury, mwendo wa saa moja hivi. Ni mji mdogo wenye ukuta wa kale, na mtu aweza kuuzunguka kwa miguu. Hapo Mtakatifu Augustino alifika mwaka wa 597, ametumwa na Papa Gregorio Mkuu. Lakini kabla yake alikuwapo mke wa mfalme, Malkia Bertha, mwanamke Mkristo aliyetoka upande wa Ufaransa, ambaye alisali katika kanisa dogo la Mtakatifu Martino. Kanisa hilo lingali likitumika. Wamisionari walipofika walikuta mama mmoja amekwisha washa taa.

Katika kanisa kuu la mji huo, tarehe 29 Desemba 1170, askari wanne wa farasi walimwua Askofu Mkuu Thomas Becket, kwa sababu alikuwa amemzuia Mfalme Henry II kuingilia haki za Kanisa. Walikuwa marafiki zamani, mfalme na askofu. Mwaka wa 1174 mfalme alikuja kwa miguu mitupu, akapiga magoti kaburini, akakubali kuchapwa fimbo na watawa. Mahujaji walikuja kwa karne nyingi, hata ngazi za mawe zimelika kwa magoti yao. Watoto walitia mikono katika mabonde hayo. Mwaka wa 1538 Henry VIII aliamuru kaburi livunjwe na jina la Thomas lifutwe katika vitabu. Leo mahali pale hapana kitu ila sakafu tupu, na mshumaa mmoja unaowaka juu yake. Mwaka wa 1982 Papa Yohane Paulo II na Askofu Mkuu wa Waanglikana, Robert Runcie, walipiga magoti na kusali pamoja pale Thomas alipouawa. Mfalme mwenye nguvu zote alifuta jina, mshumaa umelirudisha.

Mji wa mwisho ulikuwa York, kaskazini, mwendo wa saa mbili hivi kwa treni. Warumi waliuanzisha mwaka wa 71. Huko Konstantino alitangazwa kuwa Kaisari mwaka wa 306. Kuta zake za mawe zingali zimesimama, na tulitembea juu yake kama kilometa tatu, tukiangalia paa za nyumba upande mmoja na kanisa kuu upande mwingine. Kanisa hilo lilijengwa kwa miaka zaidi ya 250, toka 1220 hata 1472. Fundi aliyeanza hakuona mwisho, wala mwana wake, wala mjukuu wake. Katika njia nyembamba ya wauza nyama, iitwayo Shambles, inakumbukwa habari ya Margaret Clitherow, mke wa mwuza nyama. Aliwaficha mapadri wakati ilipokatazwa. Aliposhtakiwa alikataa kujibu shauri, ili watoto wake wasiitwe kumshuhudia mama yao. Na mwaka wa 1586 aliuawa kwa kulundikiwa mizigo mizito kifuani. Alitangazwa mtakatifu mwaka wa 1970.

Tungeweza kuondoka York na habari hiyo tu, tukisema: tazameni jinsi watu wetu walivyoteswa. Lakini juu ya kilima kimoja pana mnara wa mawe, Clifford's Tower. Mwezi wa Machi 1190, zamani Uingereza yote ilipokuwa Katoliki, Wayahudi wa York wapata 150 walikimbilia katika ngome iliyokuwa hapo, wakifukuzwa na kundi la watu. Miongoni mwa waliowafukuza walikuwamo wakubwa waliokuwa na madeni kwao. Wayahudi wengi walijiua wenyewe kuliko kuanguka mikononi mwao, wengine waliungua, waliotoka nje kwa kuahidiwa uzima waliuawa. Kisha wauaji walikwenda katika kanisa kuu la wakati ule, wakazichoma hati za madeni yao. Kwa miaka mingi sana mgeni alipanda kilima kile asipate kusoma neno. Mwaka wa 1978 kibao cha ukumbusho kiliwekwa chini yake.

Mvulana aliuliza: «Wale wabaya walikuwa Wakristo?» Tulijibu: «Ndiyo.» Akauliza: «Kama sisi?» Tulijibu: «Walibatizwa kama sisi.» Ni vigumu kwa baba kusema hayo mbele ya mtoto. Lakini mtoto aliyeoneshwa jeraha la Margaret tu, asioneshwe la Wayahudi, amefundishwa nusu, na nusu ya ukweli ndiyo iliyochongwa juu ya mnara wa London.

Alasiri ile ilikuwa zamu ya mvulana kuchagua. Alichagua nyumba ya treni za kale, ambayo nayo haina malipo. Humo imo Mallard, treni ya mvuke ya rangi ya samawati, ambayo mwezi wa Julai 1938 ilikimbia kilometa 203 kwa saa, na hakuna treni ya mvuke iliyothibitishwa kuishinda. Hakuandika jina la treni. Alimwuliza mlinzi jina la dereva wake. Yule mzee akafurahi sana, akamwambia: Joseph Duddington, na mtia makaa Thomas Bray. Yote mawili yakaingia daftarini.

Sasa twamrudia baba aliyeuliza. Fedha zilikwisha, hatusemi vingine. Nguo mpya hazikununuliwa, na shuka za kitanda zitangoja mwaka mwingine. Lakini tuliporudi, watoto walikwenda kwa nkambo wao, mama yetu, mwenye miaka 86, anayekaa siku zote mlangoni na ambaye huulizwa tu kama amekula. Msichana alifungua daftari, akamwomba ataje watu waliokwenda pamoja na baba yake kufanya kazi ya reli huko Kabalo. Mama alicheka, akasema amesahau. Kisha akataja mmoja, kisha wawili, kufika jioni walikuwa saba, pamoja na mke wa mmoja wao aliyewapikia wote. Sisi, mwana wake, tulikuwa hatujapata kuyasikia hata mara moja. Kabla ya masika mama alipata ugonjwa wa kiharusi, na sasa hasemi tena. Majina saba yako katika daftari, pamoja na la yule mama.

Basi, wazazi wapenzi, si lazima kuvuka bahari. Mwenye nafasi na aende, aone mengi, na asione haya kuuliza bei mlangoni. Asiye nayo anao wazee mtaani kwake, nao hawadai kiingilio. Nanyi wanafunzi, kazi ya juma hili ni hii: nunueni daftari moja, mwende kwa mzee mmoja, mwandike majina matano ya watu wasioandikwa popote. Waandikeni wema, na waliofanya vibaya msiwaruke. Tena fanyeni upesi.